Chai, Miwa na Udongo wa Miaka Milioni 14

Ukitoka Kericho ukashuka kuelekea Muhoroni, chai hupungua kidogo kidogo, mahindi yakachukua nafasi yake, na ukifika bondeni ni miwa tu mpaka macho yachoke. Fort Ternan iko kwenye mteremko huo, kati ya chai na miwa. Wengi wanaijua kama stesheni kwenye reli ya kwenda Kisumu. Mimi naijua kwa udongo wake, maana upo hapo udongo wa takriban miaka milioni 14, na bado unasomeka.

Jina la mahali hapa lilivuma kwa sababu ya sokwe. Mwaka 1961 Louis Leakey alianza kuchimba kwenye shamba la mlowezi Fred Wicker, na pamoja naye alikuwa Heslon Mukiri, fundi wa kuchimbua visukuku ambaye sifa zake hazijawahi kutosha. Walipata vipande vya taya la juu, na mwaka 1962 Leakey akampa mnyama huyo jina la Kenyapithecus wickeri. Alimhesabu katika ukoo wa binadamu, dai ambalo halisimami tena. Lakini swali lililonishika mimi ni jingine: sokwe huyu aliishi msituni au mbugani? Taya haliwezi kulijibu peke yake. Inabidi kuuliza ardhi aliyoikanyaga.

Ardhi hiyo imebanwa kati ya lava mbili kama nyama ndani ya sambusa. Chini iko lava ya Baraget, juu iko fonolaiti ya Kericho. Lava ikiwa ya moto huachia gesi ya agoni iliyomo ndani yake. Ikishaganda, potasiamu yake huanza kuzalisha agoni upya, polepole, kwa kasi inayojulikana. Kwa kupima agoni iliyokusanyika tunajua lava iliganda lini, na hivyo ndivyo ilivyopatikana hesabu ya karibu miaka milioni 14.

Katikati ya lava hizo mna majivu ya volkeno ya Tinderet, yenye chokaa nyingi, na chokaa ndiyo iliyoihifadhi mifupa. Chai hupenda udongo wenye asidi, na asidi huyeyusha mfupa. Ndiyo maana udongo mwekundu mzuri wa mashamba ya Kericho, ambamo chai hustawi, haufai kabisa kutunza visukuku.

Chukua bonge la udongo huo wa kale uliweke kiganjani. Ni gumu kama tofali, rangi yake ya kahawia. Ligeuze kwenye mwanga utaona mikwaruzo myembamba inayokwenda chini ikigawanyika: hizo ni njia za mizizi. Ukirudi kwenye ukuta wa shimo, utaona tabaka limekatika ghafla kwa juu, mahali majivu mapya yalipolifunika, lakini kwa chini linafifia bila mpaka. Mchanga uliomwagwa na mto haufifii hivyo. Palipo na mizizi na kufifia huko, pana uso wa nchi uliowahi kupigwa na jua, kunyeshewa na kukanyagwa.

Mtaalamu wa udongo wa kale, Gregory Retallack, aliyachunguza matabaka haya na kuyapa majina. Tabaka lenye mifupa mingi aliliita Chogo, neno la Kijaluo lenye maana ya mfupa. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamekuta pia nyasi zilizofunikwa na majivu zikiwa bado zimesimama. Kwa nyasi hizo na udongo wenyewe, walichora picha ya mbuga ya nyasi yenye miti hapa na pale.

Mwaka uliofuata Thure Cerling na wenzake walipinga, na hoja yao waliitoa kwenye kaboni. Kuielewa, agiza kikombe cha chai. Kaboni ina namna mbili zisizooza, nyepesi na nzito, na katika kila atomu 1,000 kama 11 ni nzito. Mchai, kama karibu miti yote na maharagwe, huibagua ile nzito sana. Muwa, ambao kwa asili yake ni nyasi, hauibagui kiasi hicho, wala mahindi, nepia na nyasi za mbugani. Basi kikombe kimoja kina makundi yote mawili: majani ni kundi la chai, sukari ni kundi la miwa, na maziwa yanafuata alichokula ng'ombe. Tofauti haifiki hata asilimia 2 ya hizo 11, lakini mashine huipima bila shida, na hubaki kwenye vibonge vya chokaa vilivyojitunga udongoni na kwenye meno ya wanyama.

Vibonge vya Fort Ternan vilitoa kundi la chai. Meno yaliyopimwa baadaye, matokeo yakachapishwa mwaka 1997, yalisema vivyo hivyo. Hata jamii za swala na twiga wa kale, akiwemo swala mmoja aliyepewa jina Kipsigicerus kwa heshima ya Wakipsigis, hawakuwa wakila nyasi za kundi la miwa.

Je, nyasi za Retallack ziliota kwenye ndoto? Hapana, zipo na zinashikika. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba kila nyasi ni nyasi ya mbugani. Ngano na mpunga ni nyasi, nazo ni kundi la chai. Panda Mlima Kenya upite mita 3,000, nyasi za huko karibu zote ni za kundi hilo, kwa sababu ya baridi. Fort Ternan ya wakati ule naiona kama nchi ya miti, yenye nafasi wazi ambamo nyasi za namna hiyo ziliota.

Wakati uleule dunia ilikuwa inapoa. Barafu ya Antaktika ya mashariki ilitanuka sana karibu miaka milioni 14 iliyopita. Habari hizo nazo zilisomwa kwa mbinu hiihii ya nzito na nyepesi, ila kwa oksijeni, kwenye magamba ya viumbe wadogo wa sakafu ya bahari. Kuhusu nyasi zenyewe, kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba zile za kundi la miwa zilitapakaa Afrika Mashariki baadaye sana, kuanzia kama miaka milioni 10 iliyopita. Kisha mwaka 2023, watafiti waliopima maeneo 9 ya Kenya na Uganda wakaonyesha kwamba zilikuwa tele sehemu kadhaa miaka milioni 21 hadi 16 iliyopita, kabla Kenyapithecus hajazaliwa. Nchi ilikuwa viraka: bonde moja miti, jirani yake nyasi, na Fort Ternan ikawa kiraka cha miti.

Ukisimama hapo leo viraka bado vipo. Udongo wa Muhoroni unapokea kaboni ya miwa kila msimu, na juu, upande wa Kericho, udongo unapokea kaboni ya chai. Mwendo wa gari kati ya sehemu hizo mbili ni mfupi.