Watoto wa Kinyonga

Watu wengi wakimwona kinyonga humpiga mawe. Husema ana sumu. Si kweli. Kinyonga hana sumu. Hula nzi, panzi na wadudu wengine.

Kinyonga wa mashambani huchimba shimo, hutaga mayai mengi, kisha huyafukia na kwenda zake. Mayai hukaa ardhini miezi mingi. Ukiyakuta wakati wa kulima, usiyageuze. Yafukie pale pale.

Watoto wakianguliwa ni wadogo kuliko kidole chako. Mama hawalishi. Hujitafutia wadudu wadogo sana. Hunywa matone ya umande kwenye majani. Maji ya bakuli hawayajui. Basi, ukimfungia mtoto wa kinyonga ndani ya nyumba, huenda akafa kwa kiu na njaa.

Je, ufanye nini? Mwache kichakani, penye jua na kivuli. Ukimkuta njiani, mwekee kijiti apande, umpeleke kwenye majani, mbali na kuku. Usinyunyize dawa ya wadudu hapo. Dawa huua chakula chake, na yeye pia.

Wafundishe wanao wasimfunge kamba wala kumpiga. Kinyonga hukusaidia kula wadudu shambani.