Malipo ya Mchumaji na Uzima wa Mbuni

Mkulima, mibuni yako umeipalilia, umeipogolea, na umeinyunyizia dawa ya kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Sasa buni inaiva, na mikono ya watu wa nyumbani haitoshi. Huna budi kuajiri vibarua. Angalia sana, maana kazi ya mwaka mzima yaweza kuharibiwa katika siku chache za kuchuma.

Matunda ya mbuni hayaivi yote kwa siku moja. Huko Kilimanjaro kuchuma huanza kama mwezi wa Julai na kuendelea hata Desemba. Kwa hiyo lazima kila mti upitiwe mara nyingi, kila baada ya siku 10 hadi 14, na kila mara yachumwe matunda mekundu tu.

Wakulima wengi hulipa kwa debe. Njia hii ni rahisi, lakini ina hatari yake. Kibarua anayelipwa kwa debe hutaka debe lijae upesi. Akikuta matunda mekundu machache, atakwanyua tawi zima, mekundu na mabichi pamoja. Usimlaumu yeye peke yake: wewe ulipatana naye debe, hukupatana naye kahawa nzuri. Hasara zake ni mbili. Kwanza, matunda mabichi hayamenyeki vizuri mashineni na huharibu ladha ya kahawa, basi bei hushuka. Pili, matawi machanga huvunjika, nayo ndiyo yatakayozaa mwaka ujao.

Basi fanya hivi:

1. Patana ujira kabla kazi haijaanza. Kila debe liandikwe katika daftari, na kibarua aone linavyoandikwa.

2. Debe liwe la kipimo kimoja kwa wote. Usidai lijazwe mpaka limwagike.

3. Kila mchumaji achambue matunda yake juu ya turubai kabla ya kupima. Debe lenye matunda mekundu tu lilipwe zaidi.

4. Mwanzoni na mwishoni mwa msimu, matunda yakiwa machache, lipa kwa siku, usilipe kwa debe.

5. Pimeni mapema, ili buni imenywe siku hiyo hiyo. Ikilala bila kumenywa huchacha.

6. Usiajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza.

7. Lipa siku mliyopatana. Kibarua akicheleweshewa ujira wake, msimu ujao atakwenda kwa jirani yako, nawe utaanza upya kumfundisha mgeni.

Mbuni ukitunzwa huzaa miaka mingi. Mchumaji anayerudi kila msimu huyajua matawi yako, wala hayavunji. Kwa hiyo usidhani kwamba ujira wa haki ni sadaka. Ni sehemu ya utunzaji wa shamba, kama vile kupogolea na kuweka matandazo.