Mama alikimbia jembe, mimi nikalilipia ada

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu kazi ambazo wazazi wetu hawataki hata kuzisikia. Hadithi yangu sikuimaliza, kwa hiyo naimalizia hapa.

Siku niliyomwambia mama kwamba siombi tena nafasi ya ufamasia, nakwenda chuo kusomea kilimo cha bustani, alikuwa anachambua mchele. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu: "Mwanangu, mimi nimelikimbia jembe Lushoto, wewe unalifuata Reading?"

Nilikosa jibu. Yeye alilima kabichi milimani tangu mdogo, na alipofika Uingereza aliapa wanawe hawatashika udongo. Sasa mimi nataka kulipa ada nifundishwe kuushika!

Watu wanadhani tunasomea kukata majani tu. Hapana. Nasoma ngazi ya 2 ya RHS, chama cha bustani kilichoanzishwa mwaka 1804. Kuna nadharia: mmea unakunywaje maji, udongo una tindikali kiasi gani, mdudu gani anakula nini. Halafu kuna vitendo: kupogolea, kuchimba, kuotesha miche. Januari vidole vinakufa ganzi, na mgongo, yaani, usiniulize. Mshahara wa kuanzia si mkubwa, sitawadanganya. Ila kazi zipo: bustani za halmashauri, vitalu, bustani za watu binafsi, au uanagenzi, ambapo unalipwa huku unajifunza.

Kinachonitoa jasho ni majina. Mwalimu anapanga mimea 20 mezani, unaandika jina la Kilatini la kila mmoja. Ukikosea herufi, alama imekwenda. Wiki moja mmea wa mwisho ulikuwa ule wenye maua ya zambarau na majani yenye manyoya, unaouzwa supamaketi karibu na kaunta. Sikuujua. Mwalimu akatuambia: Streptocarpus ionanthus, zamani Saintpaulia ionantha. Kwao ni milima ya Usambara, Tanzania.

Nikashtuka. Usambara? Si ndiko kwetu?

Nilisoma usiku mzima. Jina la zamani linatokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga. Mwaka 1892 alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaupa mmea jina la familia yao. Mwaka 2015 wanasayansi wakauhamishia kwenye kundi la Streptocarpus. Wajerumani mpaka leo wanauita violeti la Usambara. Madukani umejaa, lakini huko kwao baadhi ya aina zake ziko hatarini, kwa sababu zinategemea kivuli cha msitu, na msitu unakatwa.

Nikanunua mmoja, nikampelekea mama na picha za ule wa porini. Aliiangalia simu muda mrefu. "Haya yalikuwa yanaota kwenye mawe, kivulini. Hatukuyajali. Kumbe wenzetu wanayauza?"

Halafu akachuma jani moja na kikonyo chake, akalichomeka kwenye kikopo cha udongo. Ndivyo hasa tulivyofundishwa chuoni. Nikamuuliza amejuaje. "Majani mengine hivyo ndivyo yanavyoota, tumecheza nayo sana."

Tangu siku hiyo namuuliza kila kitu. Mimi nilikuwa nasema "kukata-kata mti", yeye akanipa *kupogolea*. Nikisema "kupanda mbegu kwenye trei", ananisahihisha: *kuatika*. Nikamweleza kwamba Mei tunatoa miche nje mchana na kuirudisha ndani usiku ili izoee baridi. Akacheka. Bibi yangu alifunika kitalu kwa majani ya migomba, akawa anayapunguza kidogo kidogo ili miche izoee jua kabla ya kupelekwa shambani. "Ukiitoa kwa ghafla inakufa," alisema. "Lazima uizoeshe."

Miaka yote nilidhani mama hana la kunifundisha kuhusu masomo yangu. Na yeye alidhani anachokijua si elimu.

Sijasema amekubali moja kwa moja. Juzi nilimsikia akimwambia shangazi kwenye simu, "Anasomea sayansi ya mimea." Neno bustani hakulitaja, na jembe ndio kabisa. Lakini dirishani kwake sasa kuna vikopo sita, na kwenye kile cha kwanza vimechipua vijani vidogo. Anavimwagilia kutoka chini, kwenye kisahani, kwa sababu nilimwambia maji baridi yanaacha madoa kwenye majani.

Mwezi ujao naomba nafasi ya uanagenzi. Fomu inauliza nimejifunzia wapi. Chuo nitakiandika, ila na mama nitamwandika.

Na wewe je, mzazi wako anajua kazi gani ambayo hujawahi kumuuliza?