Hesabu Kabla ya Paneli: Umeme wa Jua Vijijini mwa Beni

Mwaka 2017 kampuni ya Kivu Green Energy, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Nuru, ilijenga mjini Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mtandao mdogo wa umeme wa jua, yaani mtambo unaozalisha umeme mahali pamoja na kuusambaza kwa nyaya kwa wateja wa karibu bila kutegemea gridi ya taifa. Mtandao wa aina hiyo huishi kwa ada za wateja na kwa fundi aliye karibu, mambo mawili yanayokosekana katika vijiji vilivyo nje ya komini ya Mulekera ya mji huo, ambako nyumba hutawanyika kati ya mashamba na kila kituo cha afya au shule huhitaji mtambo wake. Hapo ndipo kazi ya mwanafunzi wa uhandisi huanzia, nayo huanza kwa hesabu.

Kwanza hukadiriwa matumizi kwa wati-saa, yaani nguvu ya kifaa ikizidishwa kwa saa kinazotumika. Chumba cha uzazi chenye taa 5 za wati 10 zinazowaka saa 6, pamoja na wati-saa 100 za kuchaji simu, huhitaji wati-saa 400 kwa siku. Likichukuliwa jua kali la wastani wa saa 4.5, na theluthi moja hivi ya umeme ikipotea kwa joto, vumbi na nyaya, paneli inayohitajika ni ya wati 130 hivi. Kwa kuwa Beni iko karibu na Ikweta, paneli huweza kulala karibu bapa, ingawa huinamishwa nyuzi 10 hivi ili mvua iisafishe.

Sehemu inayoharibika upesi zaidi ni betri. Betri ya risasi ikizoea kumalizwa chaji zaidi ya nusu hufa mapema, hivyo ili chumba hicho kistahimili siku mbili za mawingu, hifadhi iwe wati-saa 1,600, na si 800, tena ilindwe na kidhibiti chaji, kifaa kinachozuia betri kujazwa kupita kiasi au kumalizwa chaji. Anayeongeza televisheni bila kurudia hesabu huiua betri hiyo taratibu.

Kwa kuwa mashambulizi dhidi ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni humfungia fundi njia mara kwa mara, mtunzaji wa mtambo lazima awe mwanakijiji aliyefundishwa kupima volti, kusafisha ncha za betri na kukataa vifaa visivyohesabiwa, huku kamati ya kijiji ikiweka akiba ya betri mpya tangu mwezi wa kwanza. Kwa hiyo ni haki vyuo vya Beni na Butembo vitoe alama za mradi baada ya misimu miwili ya mvua, wala si siku ya uzinduzi, maana mama anayejifungua usiku anahitaji taa ya mwaka wa tatu sawasawa na ile ya siku ya kwanza.