Sokwe wa Lwiro: Tiba ya Kukaribia na Kujitenga

Mtoto wa sokwe anayefikishwa Lwiro mara nyingi huja na kamba kiunoni, au alama ya kamba. Chini yake pana kidonda. Tumbo limejaa minyoo, macho yameingia ndani kwa kukosa maji, nywele zimenyonyoka. Hayo yote yanatibika. Kinachomkosesha daktari wa wanyama usingizi ni jambo jingine: mgonjwa huyu haponi bila binadamu wa kumkumbatia, na binadamu huyohuyo anaweza kumuua kwa mafua.

Kituo cha Lwiro kiko katika teritware ya Kabare, Kivu Kusini, kilomita zipatazo 40 kaskazini mwa Bukavu, karibu na Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga, ikishirikiana na CRSN, kituo cha utafiti kilichorithi majengo ya IRSAC, taasisi ya utafiti ya enzi za Wabelgiji. Leo kinatunza sokwe zaidi ya 100 pamoja na kima wa aina mbalimbali, kwa msaada wa wafadhili kama shirika la Coopera.

Wengi wa sokwe hao ni yatima wa biashara ya nyama ya porini. Sokwe jike hamwachii mtu mtoto wake, kwa hiyo mwindaji humuua mama kwanza, na mara nyingi huua pia wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Nyama ya wakubwa inauzwa. Mtoto, ambaye hana nyama ya maana, anauzwa akiwa hai kwa mtu anayetaka kitu cha kuchezea nyumbani.

Anapopokelewa, mtoto hutengwa na sokwe wengine kwa miezi ipatayo mitatu. Wakati huo kinyesi chake hupimwa kwa hadubini kutafuta minyoo na amiba, na damu yake huchunguzwa. Kifua kikuu kina kipimo chake maalumu: tone dogo la tuberkulini huchomwa kwenye ngozi ya ukope wa juu, kisha daktari huliangalia jicho kwa siku tatu. Ukope ukivimba, ni dalili ya hatari. Ukope ulichaguliwa kwa sababu uvimbe wake unaonekana kwa mbali. Hakuna haja ya kumlaza mnyama tena kwa dawa ili kusoma jibu.

Karantini hii inamlinda pia mgonjwa dhidi yetu. Sokwe ni ndugu yetu wa karibu kiasi kwamba virusi vyetu vinamwingia bila shida, lakini mwili wake haujavizoea. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, virusi vya mafua ambavyo kwetu huleta kamasi za siku chache viliua sokwe 5 katika kundi la 56. Hapa kwetu Kivu Kusini hofu iliongezeka pale ugonjwa wa mpox ulipolipuka katika mji wa Kamituga mwaka 2023 na kufika Kavumu, jirani kabisa na Lwiro. Ugonjwa huo nao humpata sokwe. Ndiyo maana barakoa, gambuti, kunawa mikono na chanjo za wafanyakazi ni sehemu ya tiba, na mfanyakazi anayekohoa hupaswa kubaki nyumbani.

Lakini barakoa haitoshi kumlea mtoto. Porini, sokwe hunyonya kwa miaka minne au mitano, na miezi ya mwanzo haachii tumbo la mama. Aliyenyang'anywa mama anaweza kukataa chupa, akajikunyata na kujitikisa mbele na nyuma, hadi afe huku vidonda vyake vikiwa vimepona. Dawa pekee ni mwili wa mwingine. Hapo wanaingia akina mama walezi, wanaombeba, kumpa maziwa na kulala naye pale inapobidi.

Kisha huanza kazi ngumu zaidi, nayo ni kumwachisha mama huyo. Mtoto hukutanishwa na watoto wenzake, halafu hupangwa katika kundi, kwanza akitenganishwa nalo kwa wavu, ili wajuane kwa macho na vidole kabla ya meno. Mlezi bora ni yule ambaye baada ya miaka michache hahitajiki tena.

Wakubwa wana siku yenye utaratibu. Asubuhi wanahesabiwa na kutazamwa mmoja mmoja: nani hakula, nani anachechemea, nani ana kamasi. Wakitoka kwenda kwenye msitu uliozungushiwa uzio wa umeme, vyumba vya kulala husafishwa. Chakula ni uji, matunda, mboga na viazi, vingi vikinunuliwa kwa wakulima wa vijiji vya jirani. Hutawanywa mahali pengi, la sivyo dume mkuu angejitwalia chote. Dawa ya minyoo hufichwa ndani ya ndizi, na sokwe akihisi uchungu hula ndizi na kutema kidonge.

Upasuaji au uchunguzi mkubwa huhitaji usingizi wa dawa. Mgonjwa hulala njaa usiku uliotangulia ili asitapike na kupaliwa. Majike nao huwekewa vipandikizi vya uzazi wa mpango, vilevile vinavyotumiwa na wanawake hospitalini, kwa sababu kila mtoto anayezaliwa kituoni huchukua nafasi ya yatima atakayeletwa kesho.

Na yatima hawangoji amani. Februari 2025 vita ilipofika Kavumu na Bukavu, uwanja wa ndege na benki vilifungwa. Kwa kituo cha wanyama, hiyo ina maana ya maswali mawili ya kila siku: dawa zitapita njia gani, na mkulima wa ndizi atalipwa kwa pesa gani?

Kwa hiyo msomaji anayekutana na mtoto wa sokwe akiuzwa, asimnunue hata kwa huruma. Pesa yake itamrudisha mwindaji msituni. Sheria ya uhifadhi ya Februari 2014 inamlinda mnyama huyu. Wa kuarifiwa ni ICCN. Ukisubiri wafike, usimbusu, usimpe bia wala chakula kutoka kinywani mwako, na watoto wasimzunguke. Sokwe anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40, hata 50. Huyo wa mwaka mmoja unayemwonea huruma leo huenda bado atadai uji wake mwaka 2070, na deni hilo lilianza siku mama yake alipouawa.