Usimngoje Kilebu Afikishe Miezi Sita

Katika boma nyingi za Kitale na Bungoma, mbwa hupewa kazi kabla ya kupewa mafunzo. Kilebu huletwa akiwa mdogo, hutiwa kibandani au mnyororoni, hurushiwa mabaki ya ugali, na mwenyewe husubiri afikishe miezi sita ndipo aanze kumwelekeza, kwa hoja kwamba kabla ya hapo hana akili ya kuelewa. Hoja hiyo imepinduka. Kufikia miezi sita kilebu amekwisha jifunza jambo kubwa kuliko yote, yaani nani wa kuaminiwa na nani wa kuogopwa, na amejifunza bila mwalimu.

Mwaka 1961 jarida la Science lilichapisha jaribio la Daniel Freedman na wenzake wawili huko Marekani. Vilebu walilelewa katika viwanja vilivyozungushiwa ua mrefu, bila kuguswa na mtu. Baadhi walitolewa kwa juma moja wakae na binadamu, kila kundi kwa umri wake. Waliotolewa kati ya juma la tano na la tisa waliwazoea watu. Walioachwa hadi juma la 14 waliendelea kuwaogopa hata baada ya kushughulikiwa kwa subira. Tangu takriban juma la tatu hadi la 12 au 14, kilebu hupokea mambo mageni kwa udadisi. Baadaye woga hutangulia. Kwa hiyo mafunzo huanza siku anapofika nyumbani, kwa kawaida akiwa na majuma manane: kuitikia jina, kutolewa nje kila amalizapo kula, kushikwa masikio, mdomo na miguu, kusikia bodaboda na watoto wakipiga kelele. Dakika chache kwa wakati mmoja zatosha, na tuzo, hata ikiwa omena mmoja, itolewe papo hapo. Kiboko humfunza kuuogopa mkono tu.

Wapo watakaosema mbwa aliyezoea watu hawezi kulinda ghala la mahindi. Lakini huyo wa mnyororoni, anayebwekea kila kivuli, hasaidii. Mwenyewe huacha kumsikiliza. Na mnyororo ukikatika, anayeumwa mara nyingi ni mtoto wa jirani, mwizi akiwa hayupo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: virusi vya parvo huua vilebu, na chanjo zao huchukua majuma kadhaa kukamilika. Hata hivyo, mwaka 2008 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilishauri kilebu aanze kuchangamana siku saba baada ya chanjo ya kwanza, mahali safi na pamoja na mbwa waliochanjwa. Sokoni asipelekwe bado. Uani kwa jamaa yatosha.

Kuna faida nyingine ambayo wafugaji huisahau. Kichaa cha mbwa huzuiwa mbwa wapatao asilimia 70 wakichanjwa, na Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana nacho ifikapo 2030. Siku ya chanjo, mbwa asiyeshikika hurudishwa nyumbani bila sindano, au haletwi kabisa. Aliyezoezwa kushikwa tangu juma la nane husimama akingoja zamu yake.