Je, Wajua? Nyayo za Programu Iliyokwama

Je, wajua kuwa ruta au mita ya umeme ikikwama, hakuna mahali palipoandikwa ni funksheni ipi iliyoita ipi hadi kufikia hapo? Mlolongo wa miito unaouona kwenye skrini huundwa upya na dibaga, yaani programu ya kutafutia hitilafu, kutokana na namba zilizobaki kwenye rejista za prosesa na kwenye steki, eneo la memori ambamo miito huacha data zake. Ndiyo maana unaweza kuwa wa uongo huku ukionekana safi kabisa.

Je, wajua kuwa GDB, dibaga aliyoianzisha Richard Stallman mwaka 1986, si lazima iingie ndani ya kifaa? Huko huwekwa gdbserver, programu ndogo isiyohitaji kujua jina la funksheni hata moja. Kwa kazi hii inasimamisha programu, inasoma rejista, inasoma memori, basi. Hesabu zote za mlolongo hufanyika kwenye kompyuta yako. Hizo mbili huzungumza kwa vifurushi vinavyoanza na $ na kuishia na # pamoja na tarakimu mbili za uhakiki. Waya wa siriali unatosha.

Je, wajua kuwa kwenye prosesa za x86 kila mwito huweka anwani ya kurudia kwenye steki papo hapo, lakini kwenye ARM ya biti 32 huingia kwanza katika rejista ya 14, na kwenye MIPS katika rejista ya 31? Funksheni isiyoita nyingine huenda isiifikishe kwenye steki kabisa. MIPS ndiyo inayosumbua zaidi, kwa kuwa mara nyingi haina hata kielekezi cha fremu, yaani rejista inayoonyesha eneo la funksheni kwenye steki. Dibaga ikikosa taarifa za kompaila, hulazimika kusoma maelekezo ya mwanzoni mwa funksheni, moja baada ya jingine, ili ijue steki imeshushwa kwa baiti ngapi na anwani ya kurudia imewekwa wapi. Ni kazi ya akili sana, nami naiheshimu, ila jibu lake lihakiki.

Je, wajua kuwa kompaila ikishajua funksheni fulani hairudi, huweza kuacha kuhifadhi anwani ya kurudia? Abort ni mojawapo, na ndiyo inayoitwa mambo yanapoharibika. Hapo mlolongo hukatika wakati unapouhitaji kuliko wakati wowote.

Je, wajua kuwa chipu za ARM Cortex-M zikipatwa na hitilafu, prosesa yenyewe husukuma rejista 8, yaani baiti 32, kwenye steki? Baada ya hapo rejista ya 14 hubeba thamani kama 0xFFFFFFF9 au 0xFFFFFFFD. Hizo si anwani. Ya kwanza inasema rejista zimo kwenye steki kuu, ya pili kwenye steki ya mchakato. Ukilijua hilo, unaweza kuisoma anwani ya hitilafu kwa mkono, hata dibaga ikishindwa.

Je, wajua kuwa faili la programu lililo kwenye kifaa huondolewa majina ya funksheni ili lisijaze memori, na nakala yenye majina hubaki kwako? Nakala hiyo lazima itoke kwenye ujenzi uleule. Ongeza mstari mmoja, ujenge tena, na anwani zitahama: GDB itazishutumu funksheni zisizo na hatia. Kwenye Linux, linganisha kitambulisho cha ujenzi, ambacho kwa kawaida ni baiti 20, kabla ya kuamini chochote. Timu isiyotunza nakala hizo kwa kila toleo inajinyima ushahidi.

Je, wajua kuwa Fedora 38 ya mwaka 2023 na Ubuntu 24.04 zilirudisha kielekezi cha fremu katika programu zake, zikikubali kupoteza kasi kidogo ili miito ifuatike kwa urahisi?

Na je, wajua kuwa unaweza kufanya kazi hii bila waya wowote? Kifaa huhifadhi rejista na kipande cha steki katika memori isiyofutika kinapojiwasha upya, kisha hukutumia baadaye. Programu iitwayo addr2line hugeuza kila anwani kuwa jina la faili na namba ya mstari. Ukiongeza -f na -i, itakutajia hata funksheni ambazo kompaila ilizimeza ndani ya nyingine.